Biashara Hufuata Miguu: Machakos na Mitaa Yake Tangu Enzi za Misafara

Tarehe 30 Mei 1899 reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi, mahali ambapo wakati huo palikuwa kinamasi chenye mahema na mabanda ya mabati. Machakos tayari ulikuwa mji wa miaka kumi. Ulikuwa na ngome, ofisi ya mkuu wa jimbo, maduka, na wauzaji wa nafaka walioteremka kutoka vilima vya Iveti kuwauzia wasafiri. Lakini reli ilipita mbali, chini kwenye nyanda za Konza na Athi, ikauacha mji kule vilimani. Mwaka huohuo John Ainsworth, msimamizi wa jimbo la Ukamba aliyekuwa Machakos tangu 1892, alihamishia ofisi yake Nairobi, na kila aliyeishi kwa kuihudumia ofisi hiyo akamfuata.

Hakuna moto uliouteketeza Machakos, wala adui aliyeuteka. Ulinyang'anywa wapita njia, basi. Mashamba yalibaki pale pale, watu wakabaki, hata ngome ikabaki, lakini miguu iliyokuwa ikipita mlangoni ilikwenda kupita kwingine. Mji uliotangulia Nairobi kwa muongo mzima ukawa mji mdogo wa wilaya, umbali wa kilomita 60 na ushei kutoka jiji lililourithi.

Naanza na mwaka huo kwa sababu miji ya Kenya sasa inajadili jambo linalofanana nao sana: kufunga mtaa usipitwe na magari, watembea kwa miguu na wachuuzi wakapewa nafasi. Mwenye hoteli anahofia kwamba kibanda cha chapati kikiwekwa mbele ya mlango wake kitamnyang'anya wateja. Mkazi wa ghorofani anahofia kelele na taka. Mchuuzi anahofia kwamba atakaribishwa leo na kufukuzwa kesho. Hofu zote tatu zina msingi. Lakini wanaojadili huzungumza kana kwamba mtaa wa miguu ni kitu kigeni kilicholetwa juzi kutoka Ulaya, ilhali Machakos ulizaliwa ukiwa mtaa wa miguu, na historia yake ina majibu mengi kuliko michoro ya wataalamu.

Kabla ya ngome kulikuwa na njia. Kwa sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ya karne ya 19, Wakamba ndio walioshika biashara kati ya bara na Mombasa. Misafara yao ilishuka na pembe za ndovu hadi nchi ya Rabai, ikapanda na chumvi, shanga, nyaya za shaba na vitambaa vya merikani. Aliyevuma kuliko wote ni Kivoi Mwendwa wa Kitui. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alimfuata hadi kwake mwaka 1849, na ilikuwa kutoka huko, tarehe 3 Desemba, Krapf alipouona Mlima Kenya. Miaka miwili baadaye Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, Krapf akiwa katika msafara huohuo.

Habari za pembe na vigogo wake zimeandikwa sana. Kwa mada hii, biashara yenye uzito zaidi ni ile ndogo ambayo Wakamba waliiita kuthuua. Mvua ilipokosekana sehemu moja, watu walifunga safari hadi kwa waliovuna, wakabadilishana mbuzi, vyuma, dawa au nguvu zao kwa nafaka. Ukambani ni nchi ya mvua za kubahatisha, ambako kilima kimoja hupata na cha pili kikakosa. Kwa hiyo kubadilishana chakula kulikuwa uhai wenyewe, na aliyekwenda kuthuua alijua njia zote, jamaa zote, na vipimo vyote. Ujuzi huo ndio uliokuwa tayari Ulu, nchi ya vilima inayouzunguka Machakos, wakati misafara mikubwa ya pwani ilipoanza kupita.

Na ilipita mikubwa kweli. Kuanzia miaka ya 1860 wafanyabiashara Waswahili na Waarabu waliwapokonya Wakamba safari ndefu, wakaanza kupanda wenyewe hadi bara. Njia ya Ulu ilipendwa kwa sababu moja, nayo ni chakula. Ukitoka pwani unavuka nyika ya Taru isiyo na maji wala mashamba. Ukifika vilima vya Iveti unakuta mahindi, mtama, kunde na viazi vitamu. Posho ya mpagazi kwa kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kama robo tatu ya kilo. Msafara wa watu 300 ulikula zaidi ya kilo 200 kila siku, na ulihitaji kubeba akiba ya siku nyingi kabla ya kuingia nyanda za Wamasai. Mahali penye uwezo wa kuuza chakula kingi hivyo palikuwa pachache kati ya Mombasa na Uganda.

Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilipojenga kituo chake mwaka 1889, karibu na kwa Masaku, mzee ambaye jina lake ndilo la mji hadi leo, ilikuwa inakaa juu ya biashara iliyokwisha kuwapo. Soko lilitangulia mji. Hoteli bado haikuwapo, kwa maana wapagazi walijipikia kwa makundi, kila kundi na sufuria yake. Lakini uhusiano wa msingi ulikwisha kuwekwa: anayepita ana njaa, anayekaa ana chakula, na thamani ya mahali hutegemea ni wangapi wanapita.

Hasara ya mwenyeji nayo ilikuja mapema. Misafara isiyo na nidhamu ilipora mashamba na mifugo, na miaka ya kwanza ya ngome ilijaa mapigano kati ya watu wa kampuni na wenyeji. Kisha ikaja njaa ya 1898 na 1899, ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, pamoja na ndui. Ukame ndio ulioileta, lakini ilizikuta ghala ambazo kwa miaka kumi zilikuwa zimeuziwa wapita njia kwa shanga na nguo. Shanga hazikuliwa. Nauona huu kuwa mfano wa kwanza wa Machakos wa soko linalowanufaisha wageni huku wenyeji wakibaki na gharama, na ni afadhali tuukumbuke kila tunaposikia kwamba biashara ikichangamka mji mzima umenufaika. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Miaka ile wageni walikuja, wenyeji hawakupona.

Baada ya ofisi kuhamia Nairobi, Machakos ulipungua lakini haukufa. Ulibaki makao ya wilaya, na maduka ya Wahindi yakaendelea kununua ngozi, nta na nafaka, yakiuza sukari, chumvi, blanketi na mafuta ya taa. Mpangilio wa mji wa kikoloni ulikuwa uleule uliojirudia kote nchini: ofisi na nyumba za wakubwa upande wake, maduka katika mtaa wake, na soko la Waafrika mahali pake, likiwa na ada ya kuingilia na askari wa kuisimamia. Sheria ya mwaka 1935 ya uuzaji wa mazao ya Waafrika iliipa serikali uwezo wa kuamua mazao fulani yauzwe wapi na nani anunue. Kwa karani ulikuwa utaratibu. Kwa mama aliyebeba kunde mgongoni kutoka Kathiani, ulikuwa ukuta kati yake na mnunuzi aliyekuwa akimkuta njiani.

Wakamba waliujibu ukuta huo kwa miguu. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwanyang'anya ng'ombe kwa kisingizio cha kulinda udongo, na mnada ukawa na mnunuzi wake tayari, kiwanda kipya cha nyama cha Liebig kilichofunguliwa Athi River mwaka huohuo. Muindi Mbingu na Chama cha Wanachama wa Ukamba waliongoza maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, kutembea hadi Nairobi na kupiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililegeza kamba na unyang'anyi wa ng'ombe ukakoma. Leo mtaa wenye jina lake katikati ya Nairobi ndio wenye Soko la Jiji.

Wakati huohuo Wakamba wengine walikuwa wakiuza mitaani bila kuuliza ruhusa. Mutisya Munge wa Wamunyu alirudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa na ufundi wa kuchonga alioupata Tanganyika, na kijiji chake kikawa karakana. Vinyago vya Wamunyu vilitembezwa mikononi, kwenye mabaraza ya hoteli na penye askari na wageni, mpaka vikafika pembe zote za Afrika Mashariki. Ni wachuuzi hao, wasiokuwa na duka wala kibanda, waliolipeleka jina la Ukambani mbali kuliko ofisi yoyote ya biashara.

Na hoteli? Hiyo ni mtoto wa chai. Kati ya vita viwili vya dunia, chai yenye maziwa na sukari iliingia katika maisha ya kila siku, na chumba chenye meza mbili, jiko la kuni na sahani ya mandazi kikawa biashara ambayo Mwafrika angeweza kuianza kwa mtaji mdogo. Baada ya 1945 askari waliorudi kutoka Burma na Ethiopia na malipo ya kuagwa walifungua maduka na hoteli za chai kila palipokuwa na soko. Wakamba walikuwa wengi sana jeshini, kwa hiyo Ukambani ulipata sehemu yake. Nyingi zilikufa haraka, kwa kuwa zilifunguliwa mahali ambapo soko lilikuwa siku moja au mbili kwa juma, na siku zilizobaki hapakuwa na wa kunywa. Zilizodumu ni zile zilizokaa penye magari ya abiria.

Basi ndilo lililobadilisha Machakos baada ya uhuru kuliko kitu kingine chochote. Sheria ya leseni za biashara ya 1967 ilisababisha maduka mengi ya Wahindi katika miji midogo kupita mikononi mwa Waafrika, lakini mabadiliko yaliyogusa tumbo la mkazi wa kawaida yalitoka steji. Mji ukawa mahali pa kupanda na kushukia. Nairobi kwenyewe kituo kikuu cha mabasi ya mashambani kikaitwa Machakos, jina kilicho nalo hadi leo. Kwa abiria wa alfajiri ikahitajika hoteli inayofungua kabla ya jua. Kwa anayeshuka jioni, nyama choma na ugali. Muthokoi, chakula cha nyumbani cha Mkamba, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe au mbaazi, ukapanda meza ya hoteli na kukaa kando ya pilau na chapati.

Kati ya steji na soko la Marikiti, na mbele ya maduka, wakakaa akina mama mboga, wauza mitumba, wauza vyondo vya mkonge, na msimu wa maembe ukifika, wenye mikokoteni ya maembe. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliwaambia wakubwa kwamba watu hao ni sekta halali ya uchumi na si uchafu wa kufagiliwa. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa jua kali wa Kamukunji na kuahidi kuwajengea vivuli. Maneno yalikuwa mazuri. Barabarani, rungu na lori la kukamatia wachuuzi havikustaafu, na baraza la mji liliendelea kukusanya ushuru asubuhi kutoka kwa mtu yuleyule ambaye askari wake wangemfukuza mchana.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu mgogoro wa hoteli na mchuuzi haujaeleweka vizuri. Mwenye hoteli hulipa kodi ya nyumba, kibali cha biashara, cheti cha afya, mishahara na maji. Mwenye kibanda cha chapati na madondo hulipa ushuru wa siku. Mwenye hoteli akisema ushindani si wa haki, anasema kweli. Lakini fuata sahani yake kutoka mwanzo. Nyanya, vitunguu, sukumawiki na dania amezinunua asubuhi kwa mama mboga aliyeko hatua 20 kutoka mlangoni, kwa kipimo kidogo kinachomfaa, bila kuajiri gari la kwenda shambani. Mama mboga huyo saa nne hunywa chai, na mchana hula. Anayemuuzia chai ni hoteli. Wateja wake nao, waliotoka Mutituni, Mwala au Masii, hawaji mjini kununua fungu moja la nyanya. Huja kwa mambo manne kwa pamoja, na katikati ya mambo hayo njaa huwashika. Siku ya soko ndiyo siku hoteli hukaanga mandazi maradufu. Mchuuzi ndiye humpunguzia mwenye hoteli mteja mmoja, na ndiye humletea watatu.

Anayeumia kwa kweli ni hoteli ya kati, ile yenye meza nzuri kidogo, inayowategemea wenye magari na maofisi. Mteja wake asipopata pa kuegesha hatembei, huenda kwingine. Mtaa ukifungwa, hoteli hiyo hupoteza kwanza. Ni lazima tukubali hivyo waziwazi, kwa sababu wanaotetea mitaa ya miguu huwa na tabia ya kuahidi kwamba kila mtu atapata faida, na mwenye hoteli akishaona uongo huo mmoja huacha kusikiliza mengine.

Mafunzo makubwa zaidi yako ndani ya kaunti yenyewe, barabarani. Mlolongo ulikua kwa sababu malori ya kwenda na kutoka Mombasa yalisimama kwenye mizani. Madereva na utingo walihitaji kula na kulala, na mji mzima wa hoteli, baa na vyumba ukajengwa juu ya kusubiri kwao. Kyumvi, kwenye njia panda ya kuingia Machakos kutoka barabara ya Mombasa, nayo huishi kwa magari yanayopunguza mwendo. Kisha mwaka 2017 ikaja reli mpya, na serikali ikaanza kulazimisha makasha yasafirishwe kwa treni. Hoteli za barabara nzima, kutoka Mlolongo hadi Emali na Mtito Andei, zilihisi pengo la malori. Mwaka 2022 barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ikawapitisha wenye haraka juu ya vichwa vya wauzaji. Kisa cha 1899 kilijirudia: hakuna aliyewafukuza wenye hoteli, wateja wao walipewa njia nyingine.

Kwa hiyo adui wa hoteli ya Machakos hakuwahi kuwa kibanda. Kila mara iliposhuka, ilishuka kwa sababu watu waliacha kupita, na kila mara iliposimama, ilisimama kwa sababu soko na steji viliwakusanya tena.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti mamlaka ya masoko, leseni za biashara, taka na mipango ya miji, na kuanzia 2013 Machakos ukawa na uwezo wa kuamua mambo yake. Gavana wa kwanza, Alfred Mutua, alipenda miradi inayoonekana: taa za barabarani, na People's Park kando ya bwawa la Maruba, bustani iliyowavuta wageni wa Nairobi wikendi hata wikendi. Bustani ni nzuri na watoto wa mji wanastahili kuwa nayo. Lakini haikuunganishwa na soko. Mgeni huja kwa gari, hula humo, hurudi kwa gari, na mama mboga wa Marikiti hamwoni.

Raga ya Masaku Sevens ilikuwa kinyume chake. Ilimwaga maelfu ya vijana katika mji wenyewe, vyumba vikajaa, nyama ikachomwa hadi usiku wa manane, hoteli zikavuna kwa siku mbili zaidi ya mavuno ya mwezi. Malalamiko ya wakazi na viongozi wa dini kuhusu ulevi na utovu wa heshima nayo yalikuwa makali, na sioni sababu ya kuyacheka. Mji wa wazazi, shule na makanisa una haki ya kuuliza asubuhi ya Jumatatu nani anaokota chupa.

Miji mingine ya kanda yetu imekwisha kulipia masomo ambayo Machakos unaweza kuyapata bure. Nairobi ilijenga soko la Muthurwa ili wachuuzi watoke katikati ya jiji. Wengi walirudi mitaani, kwa sababu wateja walibaki kule kule. Dar es Salaam ilijenga Machinga Complex kule Ilala, jengo kubwa la ghorofa, na kwa miaka mingi vyumba vikakaa vitupu huku Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ukiwa hauna pa kutia mguu. Hakuna anayepanda ghorofani kununua soksi. Watawala waliamini kwamba soko ni jengo, na fedha za umma zikaenda.

Kigali ilikosea kwa upande wa pili. Agosti 2015 ilifunga sehemu ya barabara ya KN 4 katikati ya jiji, ikaondoa magari, na karibu haikuweka kitu mahali pake. Kwa miaka kadhaa palikuwa lami tupu juani, na wenye biashara wa pale wakalalamika kwamba wamekosa wateja. Uhai ulikuja baadaye, mahali hapo palipotengenezwa upya kwa jina la Imbuga City Walk, pakawa na viti, miti, mikahawa na maonyesho ya biashara. Nairobi nayo ilitangaza siku zisizo na magari, Jumatano na Jumamosi, kuanzia Februari 2019, kisha ikaahirisha kwa kuwa haikuwa imejua matatu zitashushia wapi abiria. Mwaka huohuo, kwa msaada wa UN-Habitat, ilifanya jambo dogo na la busara zaidi katika Barabara ya Luthuli: magari yaliachiwa njia moja, nafasi iliyobaki ikawa ya miguu, miti na viti. Wauza redio na simu waliogopa mwanzoni. Mtaa uliokuwa wa moshi na msukumano ukawa mtaa wa kutembea.

Na Zanzibar kuna Forodhani. Tangu bustani ile ilipokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, kila jioni hujaa meza za pweza, mishikaki, urojo na miwa, hatua chache kutoka mikahawa ya Mji Mkongwe, na mikahawa haijafa. Anayekula kwenye meza ya Forodhani anatafuta upepo na watu. Anayeingia mkahawani anatafuta kiti na utulivu. Na wengi hufanya yote mawili katika jioni moja. Lakini wanaotaka kuiga Forodhani waangalie mahali palipo. Upande mmoja ni bahari. Moshi una pa kwenda, na hakuna mtu anayelala juu ya majiko. Katika mtaa wa Machakos, juu ya kila duka kuna familia.

Familia hiyo ndiyo niliyo na wasiwasi nayo, kwa kuwa ndiyo isiyo na chama. Wenye hoteli wana chama, wenye matatu wana chama, hata wachuuzi wana viongozi wao. Mpangaji wa ghorofa ya pili hana. Yeye ndiye atakayevuta moshi wa makaa, atakayesikia spika za muuza dawa za panya tangu saa mbili asubuhi, atakayekosa lori la maji kwa sababu njia imejaa mahema, na mama mjamzito wa nyumba hiyo ndiye atakayebebwa hadi mwisho wa mtaa kutafuta gari.

Maji hasa. Machakos ni mji wenye kiu, na bwawa la Maruba halijawahi kuutosheleza. Soko la chakula bila maji ya bomba ni hatari iliyopangwa. Ukambani umekwisha kuzika watu kwa sababu ya chakula chenye sumu: mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliwapata watu 317 na kuwaua 125 katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, na uchunguzi ulipofanywa, zaidi ya nusu ya sampuli za mahindi kutoka masokoni zilipita kiwango kilichoruhusiwa. Mahindi yaleyale ndiyo ya muthokoi wa hoteli. Mwenye hoteli na mchuuzi wanakula kutoka gunia moja, na mtaa wa soko usio na mkaguzi wa nafaka humhatarisha kila mmoja wao.

Msimamo wangu ni kwamba Machakos ujaribu. Usijaribu mji mzima wala wiki nzima. Ufungwe mtaa mmoja ulio kati ya soko na steji, siku ya soko tu, kuanzia asubuhi hadi magharibi, na magari ya mizigo yaingie kabla ya jua kuchomoza. Njia ya upana wa lori moja iachwe wazi katikati muda wote kwa ajili ya wagonjwa, moto na maji. Hoteli za mtaa huo ziruhusiwe kutoa meza nje bila kulipia ada mpya mwaka wa kwanza, ili zisiwe watazamaji wa biashara inayofanyika mlangoni pao. Majiko ya makaa yakae mwisho wa mtaa, penye nafasi. Maegesho yatengwe kwa umbali wa kutembea, na yawe na mlinzi, maana mwenye gari akihakikishiwa gari lake atatembea. Ushuru wa siku hiyo utumike katika mtaa huohuo, na hesabu yake ibandikwe ukutani.

Jambo hilo la mwisho ndilo kaunti zetu huliona gumu kuliko yote. Mchuuzi amelipa ushuru kwa vizazi vitatu, na choo cha soko bado ni aibu. Akiona shilingi zake zimekuwa maji na taa, atamfichua mwenyewe anayekwepa kulipa.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mkazi haki ya kusikilizwa kabla ya uamuzi wa namna hii. Mikutano hiyo huitwa kwa tangazo dogo, hujaa watu waliotumwa, na huisha kabla wenye shida hawajafika. Wenye hoteli wa Machakos wasiende peke yao siku hiyo. Wafuatane na mama mboga anayewauzia nyanya na mpangaji anayelala juu ya dari lao, na waulize pamoja maswali matatu: choo kitajengwa wapi, maji yatatoka wapi, na lori la taka litapita saa ngapi. Mtaa usifungwe hata siku moja kabla majibu hayo hayajaandikwa na kutiwa saini.